Nani Mlinzi wa Mali ya Umma Bungeni? Tathmini ya Kazi za Zitto Kabwe, 2005–2020

Swali la Ipyana

Katika darasa moja la itikadi tuliloliendesha hapa Ipyana, wilayani Kyela, tulikuwa tukifundisha juu ya wajibu wa Chama katika kuisimamia Serikali. Tulieleza, kama tulivyozoea kueleza, kwamba Chama ndicho kinachoweka Ilani, Serikali ndiyo inayoitekeleza, na Bunge ndilo linaloisimamia Serikali kwa niaba ya wananchi. Mzee mmoja, mkulima wa kakao na mwanachama tangu enzi za TANU, alisimama na kusema: "Ndugu Mkufunzi, tumekuelewa. Lakini tuambie jambo moja. Yule Zitto wa Kigoma, alikuwa adui yetu, au alikuwa anafanya kazi yetu sisi tuliyoiacha?"

Darasa lilicheka, kisha likanyamaza likingoja jibu. Hapana shaka ingekuwa rahisi kumjibu mzee kwa maneno mawili: mpinzani ni mpinzani. Lakini jibu la namna hiyo halifundishi kitu, na mwanachama aliyeuliza kwa nia njema angerudi nyumbani akijua kwamba mkufunzi wake amemkwepa. Tulimwomba atupe muda tukalichunguze suala hili kwa undani. Makala haya ndiyo majibu yetu kwake, na kwa makada wengine ambao bila shaka wamewahi kuulizwa swali kama hilo.

Tunapotathmini kazi ya mtu wa chama kingine, zipo njia mbili potofu ambazo hatuna budi kuziepuka. Ya kwanza ni kukataa kila alichosema kwa sababu ni yeye aliyekisema. Ya pili ni kumsifu kama shujaa aliyeleta mabadiliko peke yake. Njia zote mbili zinasahau kwamba historia haiendeshwi na sauti ya mtu mmoja. Swali la maana ni hili: katika mambo aliyoyasimamia, ni lini alifaulu, ni lini alishindwa, na ni kitu gani kilichoamua?

Chimbuko la suala

Wazo kwamba kiongozi ahojiwe juu ya mali ya umma halikuja nchini mwetu na mfumo wa vyama vingi mwaka 1992. Wazee wa bonde hili wanajua kwamba katika utawala wa jadi wa Wanyakyusa malafyale hakutawala peke yake. Walikuwapo amafumu, watu wasiokuwa wa ukoo wa utawala, ambao kazi yao mojawapo ilikuwa kumwonya malafyale alipoanza kujipendelea. Onyo lao halikuhesabiwa kuwa uasi, kwani wananchi waliamini kwamba manung'uniko ya watu yasiyosikilizwa huleta madhara kwa mtawala mwenyewe.

Azimio la Arusha la mwaka 1967 lililiweka wazo hilo katika lugha ya ujenzi wa taifa. Njia kuu za uchumi ziwe chini ya wafanyakazi na wakulima, na kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ukakemea viongozi wenye majivuno na anasa. Kwa hiyo basi, kuhoji mikataba, kuhoji posho, na kuhoji fedha zilizotoka Benki Kuu si mambo yaliyobuniwa na upinzani. Ni urithi wetu wenyewe.

Lakini ni lazima tuseme pia kwamba Chama hakikuwa tayari wakati wote kuvumilia wabunge wenye maswali. Mwezi Oktoba 1968 TANU iliwafukuza wanachama kadhaa, wakiwamo wabunge, na mmoja wao alikuwa Eli Anangisye wa Rungwe, wakati ambapo Kyela ilikuwa bado sehemu ya wilaya hiyo. Mwaka 1973 Bunge liliukataa kwanza muswada wa kodi ya mapato, kisha likaupitisha baada ya shinikizo. Mwaka 1975 Katiba ikatamka wazi ukuu wa Chama. Mwezi Februari 1991, katika kikao cha Zanzibar, Halmashauri Kuu ya Taifa ya CCM ikalegeza masharti ya uongozi, na mwaka 1995 ikatungwa Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma. Kiongozi akaruhusiwa kuwa na hisa na miradi, mradi atoe tamko la mali zake.

Ni katika mazingira hayo, ya masharti kulegezwa na mashirika ya umma kubinafsishwa, ndipo alipotokea kijana wa Kigoma.

Mwaka 2005: wabunge wawili wa maziwa mawili

Zitto Zuberi Kabwe alizaliwa mwaka 1976. Aliingia Bungeni kwa mara ya kwanza katika uchaguzi wa mwaka 2005, akiwa mbunge wa Kigoma Kaskazini kwa tiketi ya CHADEMA. Katika uchaguzi huo huo, wananchi wa Kyela walimchagua Dk. Harrison Mwakyembe wa CCM. Mmoja alitoka ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, mwingine ukingoni mwa Ziwa Nyasa. Wote wawili walidumu majimboni mpaka mwaka 2020, ingawa Kabwe alibadili jimbo na chama njiani. Tunawataja pamoja kwa sababu, kama tutakavyoona, kazi zao zilikutana.

Wakati huo sheria iliyoongoza sekta ya madini ilikuwa ile ya mwaka 1998. Chini ya sheria hiyo mrabaha wa dhahabu ulikuwa asilimia 3. Migodi mikubwa ya Geita, Bulyanhulu na North Mara ilikuwa imekwisha funguliwa, na mikataba yake ilikuwa siri hata kwa wabunge. Mwezi Februari 1967 Chama kilikuwa kimetangaza kwamba utajiri wa nchi ni wa wananchi wote. Miaka 40 baadaye, mbunge wa wananchi hao alikuwa hana ruhusa ya kusoma mkataba wa kuuza utajiri huo. Huu ulikuwa mgongano wa wazi kati ya itikadi tuliyoihubiri na mambo tuliyoyatenda.

Buzwagi: mbunge aliyeadhibiwa

Mwezi Februari 2007 Waziri wa Nishati na Madini alitia saini mkataba wa mgodi wa Buzwagi, wilayani Kahama, akiwa London. Mwezi Agosti mwaka huo Kabwe alipeleka hoja Bungeni akitaka iundwe kamati teule ya kuchunguza jambo hilo. Kwa nini mkataba wa mali ya Watanzania utiwe saini nje ya nchi, tena wakati Serikali yenyewe ilikuwa imetangaza kuipitia upya mikataba ya madini?

Hoja hiyo haikukubaliwa. Badala yake, tarehe 14 Agosti 2007, Bunge lilimsimamisha mtoa hoja, akidaiwa kusema uongo dhidi ya Waziri. Wabunge wa Chama chetu ndio waliokuwa wengi, na kwa wingi huo walimtoa nje.

Nini kilifuata? Kabwe alizunguka nchi nzima akihutubia mikutano, na watu walijaa. Jambo ambalo lingeweza kujadiliwa kwa siku mbili Dodoma likawa gumzo la nchi. Mwezi Novemba 2007 Rais Jakaya Kikwete aliunda kamati ya kuishauri Serikali juu ya madini, chini ya Jaji Mark Bomani, na miongoni mwa wajumbe aliowateua alikuwamo huyo huyo mbunge aliyesimamishwa. Kamati ilitoa taarifa yake mwaka 2008. Mwaka 2010 Bunge likapitisha Sheria mpya ya Madini, ambayo ilipandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4 na kuutoza kwenye thamani ghafi ya madini.

Mwaka 2017, chini ya Rais John Magufuli, Serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia, ikaleta Bungeni kwa hati ya dharura sheria zinazotamka mamlaka ya wananchi juu ya rasilimali zao na kuruhusu mikataba yenye masharti mabaya kujadiliwa upya. Mrabaha wa dhahabu ukafika asilimia 6, na Serikali ikapewa haki ya hisa zisizopungua asilimia 16 katika migodi. Mwezi Januari 2020 ukatiwa saini mkataba na kampuni ya Barrick uliozaa kampuni ya Twiga. Tunazisifu hatua hizi, na ni haki kuzisifu. Lakini mgodi wa Buzwagi wenyewe ulimaliza uzalishaji mwaka 2021. Kada makini hana budi kujiuliza: kama swali la mwaka 2007 lingejibiwa mwaka 2007, ni dhahabu kiasi gani ingechimbwa chini ya masharti bora zaidi?

Wapo watakaodai kuwa mpinzani yule alitafuta umaarufu. Hata kama alitafuta umaarufu, ni sisi tuliompa. Mbunge aliyejibiwa kwa hoja hurudi kwenye kiti chake akakaa. Aliyeadhibiwa kwa kuuliza huenda kwa wananchi.

Richmond: kazi hiyo hiyo kwa mkono wetu

Tusisahau upande wa pili wa miezi hiyo. Mwezi Novemba 2007, miezi mitatu tu baada ya Buzwagi, Bunge hilo hilo liliunda Kamati Teule ya kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura wa Richmond. Mwenyekiti wake alikuwa mbunge wetu wa Kyela, Dk. Mwakyembe. Mmoja wa wajumbe alikuwa Injinia Stella Manyanya, ambaye baadaye alikuja kuwa mbunge wa jimbo la Nyasa, kusini kwetu katika ziwa hili hili. Upinzani nao ulikuwa na mjumbe. Taarifa ilisomwa mwezi Februari 2008, na tarehe 7 ya mwezi huo Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu, pamoja na mawaziri wengine wawili.

Hapa Kyela watu wengi waliisikiliza taarifa ile redioni. Hakuna aliyesema kwamba Mwakyembe amekihujumu Chama. Kinyume chake, wanachama walitembea kifua mbele. Basi hapa pana fundisho la kwanza: kazi ya kusimamia fedha za umma ilipofanywa na mwana-CCM ilikijengea Chama heshima, na ilipozuiwa mikononi mwa mpinzani ilikipunguzia Chama heshima. Kazi ilikuwa moja. Tofauti ilikuwa ni jinsi sisi, tulio wengi Bungeni, tulivyoipokea.

Posho, sahihi sabini na fedha za Uswisi

Kuanzia mwaka 2010 Kabwe alikuwa Naibu Kiongozi wa Kambi ya Upinzani Bungeni na waziri kivuli wa fedha. Aidha, aliongoza kamati ya Bunge ya hesabu za mashirika ya umma, na baada ya kamati kuunganishwa mwaka 2013 akaongoza Kamati ya Hesabu za Serikali, yaani PAC. Ikumbukwe kwamba ni Kanuni za Bunge, zilizopitishwa na wabunge wetu wengi, ndizo zilizowapa wapinzani uenyekiti wa kamati za hesabu. Huo ulikuwa uamuzi wa busara.

Mambo matatu ya kipindi hiki yanafaa kulinganishwa.

La kwanza ni posho. Mwezi Juni 2011 Kabwe alitangaza kukataa posho za vikao, akisema mbunge analipwa mshahara na kukaa kikaoni ni sehemu ya kazi yake. Hakuungwa mkono na walio wengi, wa Chama chetu wala wa upinzani. Mwishoni mwa mwaka huo posho ya kikao ilipandishwa kutoka shilingi 70,000 hadi 200,000 kwa siku, na wananchi wakalalamika nchi nzima. Hapa alikuwa peke yake, na alishindwa. Lakini mwalimu yeyote wa itikadi ajiulize: katika jambo hili, ni nani aliyekuwa karibu zaidi na Azimio la Arusha?

La pili ni sahihi za mwaka 2012. Mwezi Aprili, baada ya taarifa ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali kuonyesha ubadhirifu katika wizara, Kabwe alianza kukusanya sahihi za wabunge ili Bunge lipige kura ya kutokuwa na imani na Waziri Mkuu. Katiba inataka sahihi za asilimia 20 ya wabunge wote, yaani zipatazo 70. Zilipatikana, na baadhi zilikuwa za wabunge wa CCM, akiwamo Deo Filikunjombe wa Ludewa. Hoja yenyewe haikujadiliwa kwa sababu ya sharti la siku 14 za taarifa. Hata hivyo, mwezi Mei Rais alibadili Baraza la Mawaziri na mawaziri sita wakaachwa. Hapa hakuwa peke yake. Alikuwa na taarifa ya mkaguzi mkononi na wabunge wa Chama tawala pembeni. Matokeo yakaonekana.

La tatu ni fedha za Uswisi. Mwezi Novemba 2012 aliwasilisha hoja binafsi juu ya Watanzania wanaodaiwa kuficha fedha katika mabenki ya nje, na Bunge likaazimia Serikali ichunguze. Lakini majina hayakuwekwa mezani. Azimio likapita na jambo likafifia. Ni lazima tuseme bila kumwonea: tuhuma kubwa isiyo na kielelezo humchosha msikilizaji, na wezi wa kweli hujificha nyuma yake.

Escrow: kazi ya pamoja

Suala la akaunti ya Tegeta Escrow ndilo kilele cha kazi yake. Akaunti hiyo ilifunguliwa Benki Kuu mwaka 2006 kwa sababu ya mgogoro wa malipo kati ya TANESCO na kampuni ya kuzalisha umeme ya IPTL. Zilipotolewa humo zaidi ya shilingi bilioni 300, swali likawa: ni za nani? Aliyelipigia kelele kwanza Bungeni, mwaka 2014, alikuwa David Kafulila wa NCCR-Mageuzi, mbunge wa Kigoma Kusini. Ukafanywa ukaguzi maalum na uchunguzi wa TAKUKURU, na taarifa ikapelekwa PAC.

Mwenyekiti wa PAC alikuwa Kabwe. Makamu wake alikuwa Filikunjombe wa CCM. Wasomaji wa Kyela wanajua Ludewa ni wapi: meli zitokazo bandari yetu ya Itungi hupita pwani ya wilaya hiyo, Lupingu na Manda. Mwenyekiti na makamu wake, mpinzani na mwana-CCM, waliisoma taarifa hiyo mbele ya Bunge mwezi Novemba 2014 kama kazi ya kamati moja. Baada ya mjadala mrefu pande zote zilikaa pamoja kuandika maazimio, na Bunge likapitisha maazimio manane. Mwanasheria Mkuu wa Serikali alijiuzulu mwezi Desemba, Waziri wa Ardhi akaondolewa siku chache baadaye, na Waziri wa Nishati na Madini akajiuzulu mwezi Januari 2015.

Filikunjombe alifariki katika ajali ya helikopta mwezi Oktoba 2015, akiwa katika kampeni. Alikufa akiwa mgombea wa CCM, bila kukihama Chama na bila kunyamaza. Kwa maoni yetu, kada anayetaka mfano wa utiifu wa kweli anaweza kuupata hapo. Kafulila naye, aliyeitwa majina mengi wakati ule, baadaye alijiunga na CCM na kupewa nafasi za uongozi serikalini. Kama maneno yake yalikuwa uadui, tungempokeaje?

Chama cha mbunge mmoja

Tusidhani kwamba upinzani ndio makao ya demokrasia. Mwezi Novemba 2013 CHADEMA ilimvua Kabwe nyadhifa zake, na mwezi Machi 2015 ikamfukuza uanachama, naye akatoka Bungeni. Hivyo basi chama kilichokuwa kikitulaumu kwa kutovumilia maswali kilishindwa kumvumilia mwenye maswali ndani ya nyumba yake. Ugonjwa huu hauna rangi ya bendera.

Alijiunga na ACT-Wazalendo, akawa Kiongozi wa Chama mpaka mwaka 2024. Mwezi Juni 2015 chama hicho kilitoa Azimio la Tabora, kikidai kulihuisha Azimio la Arusha na kuwataka viongozi wake watangaze mali zao hadharani. Jambo hili litufikirishe sana. Mali ya mtu huokotwa na mwingine pale tu inapokuwa imeachwa njiani.

Mwaka 2015 alirudi Bungeni kwa jimbo la Kigoma Mjini, akiwa mbunge pekee wa chama chake. Katika miaka hii mitano kazi yake ilikuwa na sauti kubwa na matokeo madogo. Mwaka 2016 alisimamishwa pamoja na wapinzani wengine baada ya vurugu juu ya kutorushwa kwa matangazo ya Bunge moja kwa moja. Mwezi Aprili 2018 aliibua suala la shilingi trilioni 1.5, tofauti iliyoonekana kati ya makusanyo na matumizi katika taarifa ya ukaguzi wa mwaka 2016/17. Serikali ilieleza kwamba tofauti hiyo ilitokana na namna hesabu zilivyopangwa, si fedha iliyopotea. Lakini maelezo yalipofika, umma ulikuwa umekwisha gawanyika, kila upande ukiamini chake. Mwezi Aprili 2019 Bunge likaazimia kutofanya kazi na Mkaguzi Mkuu aliyekuwapo. Tunasema kwa heshima yote kwamba azimio lile halikumsaidia mwananchi wa kawaida kujua lolote zaidi juu ya fedha zake.

Mwezi Januari 2020 Kabwe aliiandikia Benki ya Dunia akiitaka isimamishe mkopo wa elimu wa dola milioni 500, kwa hoja ya kuzuiwa kwa wanafunzi wajawazito kuendelea na shule. Hapa hatukubaliani naye hata kidogo. Kumwita mkopeshaji wa nje aje kuiadhibu Serikali ni kumpa beberu fimbo ambayo kesho ataitumia kwa maslahi yake. Mkopo wenyewe uliidhinishwa mwezi Machi mwaka huo. Hata hivyo hatuna budi kukiri kwamba swali juu ya wasichana lilikuwa la haki, kwa kuwa mwezi Novemba 2021 Serikali yetu wenyewe iliruhusu wanafunzi hao warudi masomoni. Njia ilikuwa potofu. Swali halikuwa potofu. Na mtu hukimbilia mlango wa jirani pale anapoamini kwamba wa nyumbani umefungwa.

Mafunzo

Tukiyapanga mambo haya pamoja tunaona utaratibu ulio wazi. Buzwagi: alisimama peke yake, akaadhibiwa, na nchi ikachelewa. Posho: peke yake, akashindwa. Uswisi: azimio bila vielelezo, likafifia. Trilioni 1.5: hoja ya hesabu iliyogeuka mvutano wa vyama. Lakini sahihi za 2012 na Escrow ya 2014 zilizaa matokeo, kwa sababu vitu viwili vilikutana: taarifa ya mkaguzi, na wabunge wa Chama chenye wengi waliokubali kuisoma.

Kwa hiyo si ufasaha wa mpinzani uliokuwa ukiamua, ni sisi. Katika Bunge ambalo CCM ina wengi, hakuna senti ya umma inayookolewa bila kura ya mwana-CCM, na hakuna inayopotea kimya bila ukimya wake. Huu ndio ukweli ambao hatuwezi kumsukumia mtu mwingine.

Ukweli huu si wa Dodoma tu. Jirani na Kyela upo mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, uliojengwa kwa msaada wa Wachina na kuanza kazi mwaka 1988. Mwaka 2005 ulibinafsishwa, uzalishaji ukasimama, wafanyakazi wakabaki wakidai haki zao, na mwishowe ukarudishwa kwa STAMICO. Vijana wa Ipyana waliokuwa na kazi pale hawakuhitaji mkufunzi awaeleze maana ya mkataba mbaya. Vivyo hivyo katika vyama vyetu vya msingi vya ushirika. Mkulima anayeuliza kwa nini makato ya kakao yamezidi, au kwa nini mzani umesoma pungufu, huitwa mkorofi. Mwaka unaofuata hesabu zikikataa, ndipo wanachama hukumbuka kwamba mkorofi yule ndiye pekee aliyekuwa akilinda magunia yao.

Wapo wanaodai kuwa mbunge wa Chama tawala anapohoji Serikali anavunja nidhamu. Hoja hii haina msingi. Nidhamu ya Chama ni kutekeleza maamuzi yaliyofikiwa baada ya kujadiliwa. Haijapata kuwa ni kuficha wizi. Anayeficha wizi kwa jina la nidhamu anamlinda mtu mmoja na kukiuza Chama chote.

Hitimisho

Tulirudi Ipyana na kumjibu mzee mbele ya darasa. Tulimwambia kwamba Zitto Kabwe alikuwa mshindani wetu katika uchaguzi, na atakapogombea mtu wa chama chake tutampinga kwa nguvu zote halali. Tulimwambia kwamba alikosea aliposema bila vielelezo, na alikosea zaidi alipokwenda kwa wakopeshaji. Lakini katika mikataba ya madini, katika posho, na katika fedha za Escrow, alikuwa akifanya kazi ambayo Azimio lilitukabidhi sisi. Pale tulipoifanya pamoja naye, nchi ilipata. Pale tulipomwachia peke yake, tulimpa jina, na nchi ikapoteza.

Mzee alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Na huyu mbunge tutakayempeleka safari ijayo, mtamfundisha hivyo?"

Swali hilo hatukulijibu kwa maneno. Ni la matawi, mashina na vikao vya uteuzi. Kila tawi linapokaa kupima mgombea, lisitosheke na kumuuliza atatuletea nini. Limuulize pia: taarifa ya mkaguzi itakapofika mezani kwako, na ndani yake limo jina la mkubwa wetu, utaifungua au utaifunika?